Wenye gemu za historia watie upepo kwenye pwani yetu

Ndugu Mhariri,

Msomaji wa ukurasa wenu wa vijana aliuliza ni taifa lipi bora la kuchagua katika gemu za historia za kompyuta, zile za kujenga miji, kukuza dola na kupigana na majirani. Akajibiwa kwa neno moja: Wamongolia. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari huku Kilwa Masoko. Jumamosi nasimamia vijana wanaocheza gemu hizo katika chumba cha kompyuta, nami nacheza nao, kwa hiyo jibu lile lilinigusa. Naomba nafasi niseme kwamba swali la taifa bora halijibiki kabla hujauliza lingine: ramani ipi?

Mchukueni huyo Mmongolia wa Age of Empires II. Wawindaji wake wanafanya kazi kwa kasi ya asilimia 40 zaidi ya wawindaji wengine. Mpe uwanda wazi wenye wanyama wengi na nafasi ya farasi kukimbia, atavuka kwenda zama inayofuata wakati jirani bado anakusanya kondoo. Mpe ramani ya Islands, ambayo kila mchezaji yuko kisiwani mwake, farasi wale hawana pa kwenda, na anayeng'ara ni Mviking ambaye manowari zake ni za bei nafuu. Kwenye Black Forest, msitu umeziba pande zote na njia ni nyembamba, kwa hiyo anayetamba ni mwenye mitambo mizuri ya kubomoa kuta. Vijana wangu wanalijua hili bila kuambiwa na mtu. Kabla hawajagusa orodha ya mataifa, wanauliza maji yako wapi, miti imesimama vipi, dhahabu iko mbali kiasi gani. Hayo ndiyo maswali ninayoyatafuta darasani wiki nzima na siyapati.

Kwa hiyo mimi si katika wanaosema gemu zinaharibu watoto. Ninachokililia ni kingine. Kama kulinganisha taifa na ardhi yake ndiyo roho ya gemu hizi, basi wanaozitengeneza wana wajibu wa kuijua ardhi yenyewe, na kwa pwani yetu bado hawajaijua.

Kwenye gemu ya Civilization VI ramani imekatwa vipande vya pembe sita, na ndani ya programu imeandikwa kila taifa lipendelee kuanzia kwenye ardhi ya aina gani. Urusi huanzia karibu na tundra, ile nchi ya baridi kali isiyoota miti, Misri huanzia penye mto. Wainka, walioongezwa mwaka 2019, huanzia milimani, na raia wao wanaweza kufanya kazi juu ya milima ambayo kwa wengine ni ukuta tu. Hapo nawapongeza. Ninapofundisha milima ya Andes ya Amerika Kusini naeleza jinsi watu wa nchi ile walivyogawa mazao kwa mwinuko, viazi juu, mahindi chini yake, koka kwenye mabonde ya joto, na jinsi walivyokausha viazi kwa baridi kali ya usiku na jua la mchana ili viwekwe ghalani miaka. Barabara zao zilifika kilomita 30,000 hivi, bila gari la magurudumu hata moja. Mtoto aliyewacheza Wainka ananielewa haraka kuliko mwenzake, kwa sababu ameshaona mwenyewe kwamba mlima ni shamba.

Kwa Mali nina maneno kidogo. Wamali wa Mansa Musa wamepewa jangwa. Mji wao hupata chakula na imani kwa kila kipande cha jangwa kilichopakana na kitovu chake, na migodi yao hutoa dhahabu nyingi huku ikipunguza uzalishaji. Dhahabu ni sawa kabisa. Mfalme aliyekwenda kuhiji mwaka 1324 na kuiacha Cairo ikizungumzia dhahabu yake hawezi kuchezwa kama maskini. Lakini chakula cha Mali hakikutoka jangwani. Kilitoka savana na kingo za mto Niger, kwenye mtama, uwele na mpunga. Dhahabu ilitoka kusini, nchi za Bambuk na Bure. Chumvi ndiyo iliyotoka jangwani, Taghaza, mahali ambapo msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliona nyumba zilizojengwa kwa matofali ya chumvi. Mali ilikuwa kubwa kwa sababu ilikaa katikati, penye mpaka wa nchi mbili ambazo kila moja ilikuwa na kitu ambacho nyingine haina. Kuwapa jangwa wakalime ni kuwatoa kwenye nafasi yao.

Kongo ndiyo inayoniuma zaidi. Mfalme ni Mvemba a Nzinga, aliyeanza kutawala mwaka 1509, na mtaa wa pekee wa taifa lake, uitwao Mbanza, lazima ujengwe msituni. Mbanza Kongo halisi, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2017, uko kaskazini mwa Angola juu ya uwanda ulioinuka mita 570 hivi kutoka usawa wa bahari, katika nchi ya nyasi yenye misitu kwenye mabonde ya mito. Ulikuwa mji wa mfalme, wenye mahakama na baadaye kanisa, mahali pa juu panapoonekana kutoka mbali. Aliyeandika kanuni ile alisikia jina Kongo akauona msitu mkubwa, basi. Mwanafunzi wangu ambaye mama yake ni wa Lubumbashi aliniuliza kwa nini watu wa Kongo kila mahali lazima watokee vichakani. Nilimfungulia ramani ya uoto tukaisoma pamoja mpaka kengele.

Sasa nije nyumbani.

Mwaka 2018 Civilization VI iliongeza maajabu kadhaa ya dunia, na moja ni Kilwa Kisiwani. Vijana walishangilia walipoiona. Ukisimama ufukweni hapa Masoko unakiona kisiwa chenyewe, kilomita mbili hivi ng'ambo ya maji, na wengi wao wameshavuka kwa mashua kwenda kuona Msikiti Mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa. Anayeyajenga maajabu hayo anapata wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji huru, ile isiyo ya mchezaji yeyote, na akiusimamia mji huru, tuseme wa biashara, mapato ya aina hiyo huongezeka kwa asilimia 15 katika mji wenye maajabu. Jambo zuri, maana Kilwa iliishi kwa mahusiano. Lakini tazama sharti la ardhi: kipande kiwe tambarare na kipakane na bahari. Kanuni haiulizi kitu kingine. Kwa hiyo tumewahi kuona Mrusi akiijenga Kilwa kwenye ufuko wa tundra, na gemu ikaona sawa.

Pwani tambarare ni nyingi duniani. Hapa Tanzania peke yake ninaweza kukutajia fukwe tambarare ambazo hapakuota mji wowote. Kwa nini basi Kilwa iwe pale ilipo? Jibu analijua kila mtoto wa baharia wa kusini. Baba yangu mdogo alikuwa baharia wa jahazi la mizigo, na kwake mwaka ulikuwa na majira yake yenyewe: kaskazi, kusi, na matlai katikati. Upepo wa kaskazi huanza kushika mwezi Desemba na kuvuma hadi Machi, ukitoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Kisha hugeuka. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu kali Juni na Julai, na hapo bandari za magharibi ya India zilikuwa hazifikiki kwa mawimbi na mvua. Nahodha wa zamani aliyetoka Oman au Gujarat alikuja na kaskazi, akauza, akanunua, akarudi na kusi, ama mapema kabla haijachachamaa, ama baadaye ilipolegea.

Hesabu ya safari hiyo ina mwisho. Jahazi linaloingia Mogadishu, Mombasa au Zanzibar lina muda wa kutosha. Linalofika Kilwa linaweza bado kuwahi upepo wa kurudi mwaka uleule. Lakini ukiteremka zaidi kusini kuelekea Sofala, katika Msumbiji ya leo, kaskazi inachoka na siku zinakwisha. Anayekwenda huko anaikosa kusi, na mwaka mzima umepotea. Na Sofala ndiko dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilikotokea baharini! Basi dhahabu ikawa inapandishwa na vyombo vya pwani hadi Kilwa, inawekwa, inangoja kaskazi ilete wanunuzi. Kilwa ilikuwa mwisho wa kamba. Mji uliosimama pale ambapo upepo wa wageni unakoma na njia ya wenyeji inaanza ndio ulioshika mizani.

Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri na sultani wake kwa ukarimu, halafu akageuka kurudi Arabuni. Hakwenda Sofala, habari zake alizisikia hapa. Msafiri aliyefika hadi China aliishia Kilwa kama vile vyombo vingi vilivyoishia Kilwa.

Kuna jambo jingine ambalo upepo ulilifanya, nalo ni kuwakalisha watu. Mfanyabiashara aliyeuza mzigo wake Februari hawezi kuondoka kesho yake. Anangoja. Anahitaji mahali pa kulala, ghala lenye kufuli, mtu wa kumwamini kwa mkopo, maji, chakula, mahali pa kuswali. Wengine walioa. Mwenyeji naye alijenga nyumba yenye chumba cha mgeni karibu na mlango wa mbele, ili biashara ifanyike bila mgeni kuingia ndani kwa familia. Watu wangapi duniani wamepata miji, dini, nasaba na lugha ya kuelewana kwa sababu ya miezi ya kungoja upepo? Na hiyo miezi haimo kwenye gemu hata moja ninayoijua yenye jina letu ndani yake.

Wapo waliojaribu, na haki yao niwape. Gemu ya Humankind iliweka Waswahili kama taifa kamili katika nyongeza ya tamaduni za Afrika iliyotoka Januari 2022. Wamewekwa zama za kati, ni watu wa biashara, na chombo chao ni mtepe, ile jahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi na kuvutwa kwa tanga la mkeka. Nilipoliona tanga lile kwenye skrini nilisimamisha mchezo nikawaita watoto wote. Uzuri mwingine wa gemu ile ni kwamba hupewi taifa mwanzoni. Unaishi kwanza, unaona umeangukia ardhi gani, kisha zama zikibadilika unachagua utamaduni unaoifaa ardhi hiyo, kama hujatanguliwa na mwenzako. Aliyejikuta na pwani ndefu anawachagua Waswahili. Kwa mwalimu wa Jiografia hiyo ndiyo njia ya kweli, maana na sisi tulitokea hivyo: watu wa lugha za Kibantu waliokuwa wakilima na kuvua, wakajikuta mbele ya bahari yenye msimu, wakawa kitu kipya.

Europa Universalis IV nayo, inayoanza Novemba 1444, ina Kilwa, Mombasa na Malindi kila mmoja na bendera yake, na ina kituo cha biashara cha Zanzibar ambacho mali huingia na kutoka kwa mishale. Ni karibu sana na ukweli. Ila mishale ile huelekea upande mmoja tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, miaka mamia. Bahari yetu mishale yake hugeuka kila mwaka mara mbili.

Kwa Zanzibar ya Civilization VI sitakawia. Ni mji huru wa biashara, na anayeusimamia hupata mdalasini na karafuu. Watalii wamefanya kazi yao. Karafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo; uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa huku Bahari ya Hindi, ukakuzwa sana wakati wa Sayyid Said, tena kwa kazi ya watumwa. Hata baada ya hapo, kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika, ndiyo maana karafuu mpaka leo ni habari ya Pemba. Kumpa mchezaji karafuu za Zanzibar wakati wa piramidi ni kuifuta historia hiyo yote, pamoja na jasho la waliozipanda.

Turudi kwenye ardhi, maana vijana huniuliza: Mwalimu, Waswahili tuwacheze ramani gani? Wengi husema ramani ya visiwa tupu. Ninawakataza. Kwenye visiwa tupu, vilivyozungukwa na bahari kuu, hakuna bara, na bila bara pwani yetu haina cha kuuza. Dhahabu, pembe za ndovu, nafaka, yote yalitoka kwa watu wa bara, na heshima na hofu kati ya mji na bara ndiyo siasa ya kila siku ya miji yetu. Ramani ya bara moja kubwa nayo haifai, maana huko bahari ni ukingo tu wa mchezo. Kinachotakiwa ni kisiwa kidogo kilicho karibu kabisa na bara, kama Kilwa, kama Mombasa, kama Lamu na Pate: karibu kiasi cha kuita mashua, mbali kiasi cha adui kulazimika kulowa. Kati yake kuwe na maji ya kina, yaliyotulia, ya kutia nanga. Wareno walipokuja na mizinga mwaka 1505 wakaipora Kilwa kisha Mombasa, walikuja kwa upande wa bahari, ambao ulikuwa mlango wa mbele wa wageni siku zote. Udhaifu huo nao uwekwe kwenye gemu. Taifa lililojengwa kwa kupokea wageni halina ukuta baharini.

Maji ya kunywa pia. Civilization VI inapima mji kwa mto: mji wenye maji baridi unaanza na nafasi ya wakazi 5, wa pwani bila mto 3. Lakini miji yetu mikubwa haikukaa kwenye midomo ya Rufiji au Tana, ilikaa visiwani na kwenye miamba ya matumbawe, ikanywa visima. Nendeni kwenye magofu ya Gede, pwani ya Kenya, mkaone visima vile, au hapa Kisiwani. Taifa la Waswahili lipewe kisima, linywe bila mto, na liwe na adhabu ndogo likizidi watu, maana kisima kikivutwa sana huleta chumvi.

Halafu mikoko. Delta ya Rufiji, si mbali sana nasi, ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zilikatwa huko zikapelekwa hadi Uarabuni na Ghuba ambako miti ya kuezekea ni adimu. Na nyumba zetu za mawe zinaeleza habari hiyo zenyewe: vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu au zaidi kidogo, kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba dari la chokaa haiwezi kuvuka upana zaidi ya huo. Mti wa maji ya chumvi umeamua kitanda kiwekwe upande gani. Civilization VI haikuwa na mikoko. Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, imeileta, imeleta na mito inayopitika kwa meli, na imewaleta Baganda pamoja na maziwa, hadi Ziwa la Kabaka lililochimbwa Mengo karne ya 19. Nimefurahi. Inaonyesha kwamba wakiamua kuitazama nchi, wanaiona.

Najua watanijibu kwamba upepo hauwekeki. Kwenye Civilization, zamu moja mwanzoni ni miaka 40. Utawezaje kugeuza kaskazi na kusi ndani ya zamu moja? Nimelifikiria sana jambo hili, na naona si lazima upepo ugeuke kwenye skrini. Upepo wa msimu kazi yake kubwa ni kuweka mpaka wa umbali. Basi gemu ichore baharini mstari wa msimu, kulingana na ramani ilivyo. Njia ya biashara ya taifa la mbali iweze kufika hadi mstari ule na isivuke. Bandari iliyo karibu kabisa na mstari ipate dhahabu kwa kila njia ya kigeni inayoishia kwake, na yenyewe peke yake iweze kuvuka kwenda kwenye migodi iliyo ng'ambo. Kila njia ya kigeni ikikaa muda mrefu, iache wakazi, dini na elimu. Hapo wachezaji wote wataanza kuutafuta mstari ule kama dhahabu yenyewe, na maajabu ya Kilwa yajengwe hapo tu. Mrusi akitaka kuyajenga kwenye theluji, programu imwambie upepo hauishii huko.

Na wasiseme hawajui kuushughulikia upepo. Sid Meier, ambaye jina lake liko juu ya kila Civilization, mwaka 1987, kabla hata ya Civilization ya kwanza ya 1991, alitoa gemu ya Pirates! kuhusu bahari ya Karibi. Humo upepo huvuma zaidi kutoka mashariki. Ukielekea magharibi unateleza. Ukirudi mashariki unabisha upepo mpaka mabaharia wanaanza kunung'unika kwa njaa. Kwa kompyuta ndogo za wakati ule iliwezekana, na kila mchezaji alijifunza jiografia ya Karibi kwa mkono wake. Kwetu sisi, ambao bila upepo tusingekuwepo, kompyuta za leo zimeshindwa nini?

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wetu wenyewe wanaoandika programu Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Zanzibar. Gemu nyingi za aina hii zinaruhusu mtu wa kawaida kuchora ramani na kuongeza taifa. Msingoje kampuni ya ng'ambo. Mimi na wanafunzi tumeanza kuchora ramani ya kuanzia Mogadishu hadi Sofala, yenye mstari wa msimu chini kidogo ya Kilwa, mikoko ya Rufiji, visima, na mkondo wa kisiwa jirani cha Songo Mnara ambao maji yakitoka chombo kikubwa hakipiti. Programu yenyewe inatushinda. Hapo tunahitaji mtu. Anayeweza kuandika kanuni zile aje Masoko wakati wa likizo. Chumba cha kompyuta kipo, na manahodha wa kumweleza kina cha maji na tabia ya kusi bado wako pale gatini, wanaongea na yeyote anayeuliza kwa adabu. Nanyi, Ndugu Mhariri, msomaji mwingine akiuliza taifa bora, mwombeni kwanza awatumie picha ya ramani.

Wenu,
Mwalimu wa Jiografia,
Kilwa Masoko